Ndege-lakiri

Ndege-lakiri (Bombycilla garrulus) ni ndege mla-beri wa misitu ya misonobari ya kaskazini, kuanzia Skandinavia na Siberia hadi Alaska na magharibi ya Kanada. Alielezwa kisayansi na Carl Linnaeus mwaka 1758. Hapa anaitwa hivyo kwa sababu ya vidoa vyekundu bawani vinavyong'aa kama matone ya lakiri kwenye bahasha ya zamani. Ana urefu wa sm 20 hivi, rangi ya kahawia-kijivu, kishungi, na ncha ya mkia ya manjano.

Kiangazi hula mbu na wadudu wengine anaowadaka hewani. Theluji ikitanda, wadudu hakuna. Hubaki beri, hasa za mti wa rowani (Sorbus aucuparia). Zina sukari nyingi na protini kidogo, kwa hiyo huzibugia kwa mamia kwa siku moja. Sukari huleta kiu, naye humeza theluji. Beri zilizokaa mtini hadi zikachacha zina pombe; ini lake kubwa huivunja haraka, ila si kila mara, maana walevi huonekana wakipepesuka na kujigonga kwenye vioo vya madirisha.

Mahali pazuri pa kumtazama si lazima pawe porini. Miji mingi ya Ulaya imepanda rowani kando ya barabara na kwenye maegesho ya magari ya maduka makubwa, na huko ndiko makundi hutua. Kinachomhamisha ni njaa kuliko baridi: rowani za kwao zisipozaa vya kutosha, maelfu huvuka bahari hadi Uingereza, kama ilivyokuwa majira ya baridi ya 2004–2005. Miaka mingine huja wachache tu.

Sauti hutangulia, mlio mwembamba wa kutetema mithili ya njuga ndogo. Kundi hutua kwanza juu ya mti mrefu, kisha hushuka kwa pamoja. Utamwona mmoja akining'inia kichwa chini, akichuma beri na kuimeza nzima. Dakika chache baadaye wote wamerudi juu. Kuna mkesha mkubwa, Turdus viscivorus, ambaye hulinda mti wake na kumfukuza kila anayesogea, lakini kundi likiwa kubwa hata mlinzi huyo huzidiwa.

Anayetaka kuwaona asikawie. Kundi huweza kuumaliza mti kwa siku chache, na ukishabaki vijiti vitupu, huhamia mwingine.