Kampuni za Vijana wa Springfield

Horace Moses alikulia shambani huko Ticonderoga, jimbo la New York, akaingia kazi ya kiwandani hadi akawa mwenye kampuni ya karatasi ya Strathmore, Massachusetts. Vijana walikuwa wakiyahama mashamba kwa wingi kufuata miji. Waliobaki vijijini walikuwa na vyama vya kuwafunza kulima na kufuga. Wa mjini nani angewafunza kuzalisha na kuuza?

Mwaka 1919, mjini Springfield, Moses aliungana na Theodore Vail, mkuu wa kampuni ya simu ya AT&T, na Seneta Murray Crane, ambaye kiwanda cha ukoo wake ndicho kilichotengeneza karatasi ya noti za dola. Wakaanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa Junior Achievement. Kabla mwaka 1920 haujaisha Vail na Crane walikuwa wamefariki, mzigo ukamwangukia Moses.

Fedha za wakubwa hao zilisaidia, lakini kilichoubeba mpango ni jioni za wafanyakazi wao. Kampuni mfadhili ilitoa walezi waliokutana na vijana baada ya saa za shule: huyu anajua uzalishaji, yule mauzo, mwingine hesabu. Vijana waliunda kampuni ndogo yao wenyewe, wakachagua rais wake, wakauza hisa kwa jamaa na majirani, wakatengeneza bidhaa na kuitembeza mlango kwa mlango. Mwisho wa msimu vitabu vilifungwa na kampuni ikavunjwa. Faida ikiwepo, wanahisa walipata gawio. Isipokuwepo, basi kijana ndiye wa kumweleza shangazi yake hela yake imekwenda wapi, na hapo sidhani kama kuna kitabu cha biashara kinachofua dafu.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Chicago walipata kandarasi ya kulitengenezea jeshi hanga 10,000 za suruali. Si mchezo wa watoto tena huo.

Mwaka 1975 ukaja mpango wa Project Business: mfanyakazi wa kampuni anaingia darasani na kufundisha saa za masomo. Karakana haihitajiki, wala mtaji, hivyo wanafunzi wengi zaidi wakafikiwa. Kwa maoni yangu bei yake ilikuwa kubwa, kwa kuwa darasani hakuna anayepata hasara. Bahati nzuri kampuni za wanafunzi hazikufutwa. Zimefika hadi shule za sekondari za Afrika Mashariki, ambako hisa zinauzwa kwa shilingi.