Meya Aliyepita Alifanya Nini? Apimwe kwa Haki

Pale Buhare barabara ikiwa mbovu, lawama zote kwa meya. Sawa, ila historia ina maneno yake. Mkazi wa Buhare hampigii kura meya wa Manispaa ya Musoma. Anachagua diwani, halafu madiwani ndio wanamchagua meya. Mkurugenzi anateuliwa na Rais. Na tangu 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA.

Tena miaka ya 1970 halmashauri za miji zilifutwa kabisa, zikarudishwa kwa sheria ya 1978.

Ndiyo maana mameya wanasahaulika haraka. Hata Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, wengi wanamjua kwa mashairi na ule uwanja wa Arusha.

Lakini meya asijifiche hapo! Baraza la madiwani aliliongoza yeye. Ushuru wa soko ulijadiliwa wapi? Maeneo ya wazi yalilindwa au yalikatwa viwanja yeye akiwa kwenye kiti? Hapo hana pa kukimbilia.

Haya mdau, meya wa kwenu unampa ngapi kwa kumi?