Damu: aongezewe sasa, au asubiri?

Wadau, kuna sentensi ambayo familia nyingi za huku kwetu, kuanzia Bahi mpaka Mpwapwa, zinaijua: "Wekundu wa damu wa mgonjwa wenu umeshuka, tafuteni mtu wa kutoa." Sentensi hiyo ina historia, na leo naomba tuipitie.

Mwaka 1901 Karl Landsteiner, kule Vienna, alionyesha kwamba damu za binadamu zina makundi. Kabla ya hapo kumwongezea mtu damu ilikuwa bahati nasibu. Huku Afrika Mashariki, enzi za mkoloni, ulizagaa uvumi wa mumiani, wanyonya damu. Kwa hiyo mwenye sindano ya kutoa damu hakuaminiwa kirahisi.

Kisha ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Chupa iliyookoa ikawa inaweza kuua. Wakati huo hospitali zilijikusanyia damu zenyewe, hasa kutoka kwa ndugu. Mwenye ukoo mkubwa alikuwa na nafuu. Je, yule aliyeletwa peke yake kutoka kijijini?

Mwaka 2004, kwa msaada wa Marekani, serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama: wachangiaji wa hiari, na damu kupimwa VVU, homa ya ini na kaswende. Sisi wa Kanda ya Kati kituo chetu kilikuja baadaye.

Lakini damu salama haijibu swali la pili: nani hasa aongezewe? Mwaka 1999 utafiti wa Canada kwa wagonjwa mahututi 838 ulionyesha kuwa kusubiri mpaka wekundu ushuke chini ya gramu 7 kwa desilita hakukuwa na madhara kuliko kuongeza ukifika 10. Sawa, ila hao hawakuwa watoto wetu.

Jibu la karibu na sisi lilitoka mwaka 2019, katika utafiti wa TRACT uliofanyika Uganda na Malawi kwa watoto 3,196. Wale wenye gramu 4 hadi 6, wasio na dalili za hatari, waliopewa damu papo hapo na waliosubiri hawakutofautiana kwa vifo ndani ya siku 28. Ila angalieni hapa: karibu nusu ya waliosubiri walikuja kuhitaji damu baadaye. Kusubiri kule kulikuwa kusubiri kwa kupimwa mara kwa mara. Zahanati isiyo na kipimo ikimwambia mama "subirini", hiyo si kusubiri, ni kumtelekeza.

Na kuna kitu ambacho hesabu ya vifo haikioni. Mama aliyepungukiwa damu anahema akibeba ndoo. Mtoto wa seli mundu anakosa shule, na akiongezewa mara nyingi mno madini ya chuma yanajikusanya mwilini na kuumiza ini na moyo. Kumnyima kuna gharama, na kumpa kuna gharama. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma imeanza kupandikiza uloto kwa watoto hao, lakini wanaofikiwa bado ni wachache.

Kwa hiyo tuchangie damu, ndiyo. Lakini tudai pia vipimo mpaka zahanati ya mwisho kijijini, ili daktari aamue kwa kumtazama mgonjwa, si kwa kuhesabu ndugu waliokaa kwenye benchi nje.

Tutafakari.