Mtoto wa paka ameletwa nyumbani: dalili za ugonjwa na hatua za kuchukua

Mahindi yakishaingia ghalani, panya nao hufika. Ndiyo maana baada ya mavuno familia nyingi huomba mtoto wa paka kwa jirani. Wengine hufa siku chache tu baada ya kufika, kabla wenye nyumba hawajajua tatizo ni nini. Tukiulizwa kuhusu jambo hili, tunaanza na hili: paka mdogo hana akiba mwilini. Ng'ombe akikosa hamu ya kula jioni, unaweza kumwangalia hadi asubuhi. Mtoto wa paka ambaye hajala kutwa, anayeharisha au aliyepoa mwili anahitaji msaada siku hiyohiyo.

Umri wa kumchukua

Mwache kwa mama yake hadi atimize wiki 8. Macho ya mtoto wa paka hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, na meno ya utoto huwa yametoka yote akikaribia wiki 8. Ukiona bado anayumba akitembea, au meno hayajatoka, mwambie jirani utarudi.

Mkague kila siku

Kazi hii haizidi dakika tano. Mpakate kwenye mwanga na uangalie mambo haya:

Ufizi. Wa paka mzima wa afya una rangi ya waridi na una unyevu. Ukiwa mweupe, damu imepungua, na mara nyingi chanzo ni viroboto au minyoo. Viroboto wengi wanaweza kumnyonya paka mdogo damu hadi afe.

Ngozi. Ivute taratibu katikati ya mabega kisha uiachie. Inapaswa kurudi mara moja. Ikirudi polepole, mwili umekaukiwa maji. Madoa ya mviringo yasiyo na manyoya huenda ni mapunye, ambayo huwaambukiza hata watoto wanaomchezea.

Tumbo. Likijaa huku mgongo umekonda, fikiria minyoo. Hata paka aliyezaliwa ndani ya nyumba anaweza kuwa nayo, kwa sababu hupita kwenye maziwa ya mama. Dawa huanza kutolewa akiwa na wiki 3 na hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi afikishe wiki 8 au zaidi. Kipimo hufuata uzito, hivyo mpime kwanza kwenye mizani ya dukani, kisha umuulize mtaalamu wa mifugo.

Macho na pua. Tongo nyingi, chafya na makamasi ni dalili za mafua ya paka. Msafishe kwa kitambaa laini na maji vuguvugu yaliyochemshwa, kila jicho kwa kitambaa chake. Paka huvutwa na harufu ya chakula, kwa hiyo pua ikiziba hukataa kula. Pasha chakula moto kidogo ili kinukie. Jicho likiingia ukungu au likibaki limefumba, mpeleke kwa mtaalamu.

Kutapika na kuharisha kwa pamoja, huku amenyong'onyea, ni hali ya hatari zaidi. Huenda ni panlukopenia, ugonjwa wa virusi unaoua haraka. Kinga yake ni chanjo, inayoanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa. Virusi hivyo vinaweza kukaa ndani ya nyumba hadi mwaka mzima. Kama paka wako alikufa kwa dalili hizo, usilete mwingine kabla hajachanjwa.

Joto kwanza, chakula baadaye

Ukimkuta amelegea na masikio na miguu ni ya baridi, usikimbilie kumnywesha. Tumbo la paka aliyepoa halisagi chakula, na anaweza kupaliwa. Jaza chupa maji ya moto, izungushie kitambaa, uiweke ndani ya boksi upande mmoja ili aweze kusogea mbali akizidiwa na joto. Mpake asali kidogo, au maji ya sukari, kwenye ufizi. Akipata joto na kuweza kumeza, mpe maji safi na chakula laini kidogo kidogo, angalau mara 4 kwa siku. Samaki au dagaa waliooshwa na kuchemshwa bila chumvi wala kitunguu wanafaa. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi, na anayeharisha tayari humzidishia.

Vitu vinavyoua

Usimpe paracetamol. Kidonge kimoja cha binadamu kinaweza kumuua hata paka mkubwa.

Usimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe wala ya viroboto vya mbwa. Nyingi zina viambato ambavyo mwili wa paka hauwezi kuvihimili, na yeye hujilamba. Kama viroboto ni wengi, mwogeshe kwa maji vuguvugu na sabuni laini, mkaushe mara moja, kisha umchane kwa kitana chembamba. Anika matandiko yake juani.

Usitege sumu ya panya katika nyumba yenye paka. Anayekula panya aliyekufa kwa sumu anaweza kufa naye.

Akimng'ata au kumparura mtu

Kichaa cha mbwa huwapata paka pia, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu kila mgonjwa hufa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri kuona kama paka ataugua. Paka mwenyewe achanjwe akifikisha miezi 3.

Ukimpigia simu afisa mifugo

Mpigie afisa mifugo wa kata yako mapema, na uwe na majibu haya: paka ana umri gani, mara ya mwisho alikula lini, ametapika au kuharisha mara ngapi, ufizi una rangi gani, na umeshampa dawa gani. Usifiche dawa uliyompa, hata kama ni ya kienyeji, kwa sababu ya pili inaweza kugongana nayo. Kama simu yako ina kamera, piga picha ya ufizi na ya kinyesi. Na kama alishika sumu au dawa ya ng'ombe, msomee jina lililo kwenye pakiti.