Sheikh Kaluta Amri Abedi: Mshairi wa Ujiji, Mwalimu wa Washairi

Wageni wafikapo Ujiji huonyeshwa mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871. Ni wachache waulizao habari za mwana wa mji huo aliyeziweka sheria za ushairi wa Kiswahili katika maandishi. Huyo ni Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924. Tunamkumbuka hapa kwa kuwa ni hazina ya mkoa wetu, ingawa hakuwa wa imani yetu.

Alisoma katika shule ya serikali ya Tabora. Alijiunga na Jumuiya ya Waislamu wa Ahmadiyya, akawa mhubiri na mwalimu wake, na katika miaka ya 1950 alikwenda Pakistan kujiendeleza katika elimu ya dini. Mwaka 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, na mwaka 1963 Waziri wa Sheria wa Tanganyika. Alifariki Ujerumani mwaka 1964, akiwa bado waziri, na umri wake ukiwa miaka 40 tu. Uwanja mashuhuri wa michezo wa Arusha unalo jina lake.

Kazi yake kuu ni kitabu *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kilichotolewa mwaka 1954. Hadi wakati huo kanuni za utunzi zilipokewa zaidi kwa masikio: mwanafunzi alimsikiliza fundi, akaiga. Waliokuwa mbali na mwambao walikosa mwalimu. Sheikh Amri, mtu wa ziwani, alizipanga kanuni hizo mtu yeyote aweze kujifunza. Alieleza vina vya kati na vya mwisho, mizani, beti na kituo. Katika shairi lililozoeleka, ubeti una mishororo minne, na kila mshororo una mizani 16, yaani nane kwa nane. Juu ya yote alifundisha kwamba shairi ni wimbo. Lisiloimbika si shairi. Baadaye washairi wa mtindo huru walizikataa sheria hizo, lakini hata wao walilazimika kujibizana naye.

Alikuwa mtu wa kundi dogo. Waahmadiyya ni wachache miongoni mwa Waislamu, na Waislamu wengi hawayakubali mafundisho yao. Hata hivyo Sheikh Amri hakuifungia elimu yake ndani ya jumuiya yake. Alishiriki katika tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotolewa na jumuiya hiyo mwaka 1953, na kanuni zake za ushairi aliwapa wote: Mwislamu na Mkristo, wa pwani na wa bara.

Je, Mkatoliki amheshimu vipi mwalimu wa namna hii? Tusifiche tofauti. Waahmadiyya hufundisha kwamba Yesu hakufa msalabani. Sisi twakiri kwamba alisulubiwa, akafa, akazikwa, akafufuka, na bila ungamo hilo hatuna Injili. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko *Nostra Aetate* la mwaka 1965, ulitufundisha kuwatazama Waislamu kwa heshima na kutafuta maelewano ya kweli. Kumheshimu mtu si kuficha imani yetu, wala kuikiri imani yetu si kudharau kipaji ambacho Mungu amempa mwingine.

Hapa Kigoma tunaishi mtaa mmoja na Waislamu, tunazikana na kualikana. Basi watunzi wa nyimbo katika kwaya zetu wasione haya kujifunza kwa jirani huyu. Mara nyingi tunasikia wimbo ambao maneno yake yamebanwa au kuvutwa ili yatoshee sauti, hata waamini wasielewe kinachoimbwa. Atungaye na ahesabu mizani yake, achague vina bila kuipotosha maana, kisha aimbe kabla ya kuwapa wengine. Neno la Mungu lastahili utunzi uliofanyiwa kazi, na mwalimu wa kazi hiyo alizaliwa Ujiji.