Mstari Mwekundu Chini ya Kyela

Nilipokuwa nikipiga chapa historia ya kijiji chetu karibu na Matema, kompyuta ilichora mstari mwekundu chini ya "hivo". Nikashukuru, maana ni "hivyo". Kisha ikachora chini ya "Kyela", na chini ya "malafyale", yaani chifu wetu. Hapo nikasita.

Ukaguzi huu si mgeni. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyokagua miswada ya vitabu vya shule kabla ya kuchapwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikatoa Jambo OpenOffice, programu huria ya Kiswahili.

Ndugu msomaji, mzee wa Mwaya angeifikiaje Kamati ile? Lakini orodha ya maneno ya programu huria iko wazi. Yeyote aweza kuiongezea. Mashine haikutukataa, sisi ndio hatukujiandikisha.

Niliyaongeza maneno yale mawili. Kwangu mstari umetoweka. Kwa wengine ungali pale, mpaka tuwapelekee watengenezaji maneno yetu.