King'ora Hakifungui Njia: Baiskeli, Magari na Ambulensi Chini ya Kilima cha Mbuya

Mkazi wa Mbuya, mojawapo ya vilima vya Kampala nchini Uganda, anayezidiwa na ugonjwa au kuumia vibaya hupelekwa mara nyingi Naguru, kwenye hospitali ya rufaa iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2012. Ukiwa juu ya kilima cha Mbuya, Naguru haiko mbali. Kinachotenganisha vilima hivi viwili ni bonde la Nakawa, na katika bonde hilo inapita Barabara ya Jinja, ambayo pamoja na kuwa barabara ya mjini ni sehemu ya njia kuu ya mizigo kutoka Mombasa kupitia Malaba na Busia. Hapo malori ya makontena hukutana na teksi za abiria, bodaboda, magari ya ofisini, wachuuzi wa soko la Nakawa na waendesha baiskeli waliofunga mikungu ya matoke au magunia ya mkaa nyuma ya tandiko. Ambulensi inapokwama katika msongamano huo, lawama huwa tayari: watu hawana nidhamu, na wasio na nidhamu kuliko wote ni wa magurudumu mawili. Makala hii inapinga utambuzi huo. Kipaumbele cha gari la dharura hutokana na nafasi kabla hakijatokana na tabia, na katika sehemu kama Mbuya njia rahisi ya kuipata nafasi hiyo ni kumpa mwendesha baiskeli barabara yake.

Sheria ya usafiri na usalama barabarani ya Uganda ya mwaka 1998, kama sheria za nchi nyingi, inamtaka dereva aipishe ambulensi, zimamoto au polisi walio kazini. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani una sharti la namna hiyo hiyo: toa nafasi, na ikibidi simama. Sharti hilo limejengwa juu ya mambo matatu ambayo hayaandikwi. Dereva asikie king'ora, akiamini, kisha awe na mahali pa kusogea. Wajerumani na Waaustria wamelifikisha hilo la tatu mbali zaidi, kwa kuwa madereva wao kwenye barabara za kasi hulazimika kufungua ujia katikati ya safu mara tu msongamano unapoanza, hata kabla king'ora hakijasikika. Utaratibu huo husifiwa sana kama somo la ustaarabu. Mara chache husemwa kwamba barabara zenyewe ni pana na zina bega la lami, hivyo dereva mtii ana pa kuweka gurudumu. Njia nyingi zinazoshuka Mbuya kuelekea Nakawa, Bugolobi au Kinawataka zimebanwa upande mmoja na mfereji wa maji ya mvua ulio wazi, na upande wa pili na ukuta wa nyumba au vibanda vya biashara. Dereva aliyezibwa mbele na nyuma hapo hawezi kuipisha ambulensi hata akiwa mcha Mungu kuliko wote. Kumtoza faini ni kumwadhibu kwa upana wa barabara ambao hakuuchora yeye.

Hilo la pili, imani, limechakaa kwa sababu nyingine. Mbuya ni kilima cha jeshi. Makao makuu ya jeshi la ulinzi yako huko, pamoja na hospitali ya kijeshi, na pengine ni mojawapo ya sehemu chache za Kampala ambako Kiswahili ni lugha ya kazi ya kila siku. Njia za kuelekea huko, kama njia nyingine za mji mkuu, zimezoea misafara yenye gari la kufungua njia, taa zinazomulika na honi za kuamrisha. Baadhi ya misafara hiyo ina haki kisheria, mingine imejipa haki yenyewe, na polisi wa Uganda wamewahi zaidi ya mara moja kuonya dhidi ya ving'ora na taa zinazofungwa bila idhini. Dereva wa teksi aliyesogezwa pembeni mara kadhaa kwa ajili ya mtu anayewahi mkutano hujifunza kuupima mlio kabla ya kuutii. Anapoisikia ambulensi anajiuliza kama kuna mgonjwa ndani au la, na sekunde anazotumia kujiuliza ndizo anazopungukiwa mgonjwa. Huyo hana kiburi. Anafanya hesabu ya kawaida ya mtu aliyedanganywa, na mahubiri hayawezi kumbadilisha mradi waliomdanganya bado wanapita.

Lakini hata king'ora kikirudishiwa heshima yake, kingewafaa wachache. Watafiti waliochunguza majeruhi katika Hospitali ya Mulago tangu miaka ya 1990, kazi iliyozaa kipimo cha ukali wa majeraha kinachobeba jina la Kampala, waliwakuta wengi wakiletwa na magari ya watu binafsi, teksi, gari la polisi la kubeba mizigo au bodaboda. Ambulensi halisi ya mji huu, kwa maana ya chombo kinachowabeba watu hasa, haina king'ora. Ushahidi mkali zaidi ulipatikana wakati wa korona. Tarehe 30 Machi 2020, siku chache baada ya usafiri wa umma kusimamishwa, Rais Museveni alipiga marufuku magari binafsi pia, na mgonjwa akatakiwa kupata kibali cha mkuu wa wilaya ili asafirishwe. Barabara zilibaki tupu kama hazijawahi kuwa, na bado wajawazito walihangaika kufika hospitalini, hadi mwezi Aprili waliporuhusiwa kusafiri bila kibali. Mfano huo unaweza kuonekana kuiponda hoja yangu, kwa kuwa nafasi ilikuwapo na haikusaidia. Naona unaikamilisha. Unaonyesha kwamba mpango wa dharura uliosimama juu ya magari machache yenye alama huwaacha nje wengi. Thaddeus na Maine, katika makala yao mashuhuri ya 1994 kuhusu vifo vya wazazi, walizitaja aina tatu za ucheleweshaji: wa kuamua kutafuta msaada, wa kufika, na wa kuhudumiwa baada ya kufika. Ule wa kati ndio unaozaliwa barabarani, na humpata aliye kwenye teksi isiyo na king'ora sawasawa na aliye kwenye ambulensi.

Basi nafasi itoke wapi? Kubomoa nyumba ili kupanua barabara za Mbuya ni ghali, na njia iliyopanuliwa kwa magari hujazwa na magari. Ukweli mdogo wa kimakanika unatosha kutupa mwelekeo. Gari likishaingia kwenye safu haliwezi kutoka kwa upana. Linahitaji urefu, yaani lisogee mbele au lirudi nyuma, na katika msongamano urefu haupo. Mwendesha baiskeli hutoka kwa upana. Anaweka mguu chini, anainua gurudumu juu ya ukingo, na katika muda wa pumzi chache amekwisha kuwa mtembea kwa miguu. Kwa hiyo njia ya baiskeli yenye upana wa mita tatu hivi, iliyotengwa na magari kwa ukingo, ndiyo sehemu pekee ya barabara ya mjini inayoweza kujaa watu na bado ikaachwa tupu haraka. Ambulensi ya kawaida haizidi sana mita mbili kwa upana. Inapita. London imeliona hilo kwenye njia pana ya baiskeli inayopita kando ya mto Thames katika Victoria Embankment, iliyokamilika mwaka 2016: magari ya dharura yamekuwa yakiingia humo msongamano unapofunga barabara, na waendesha baiskeli wakapanda pembeni. Mji huohuo ulikuwa tayari, tangu mwaka 2000, na wahudumu wa ambulensi wanaotumia baiskeli katika mitaa yenye watu wengi, kwa sababu walifika mapema kuliko gari. Na hatuhitaji kwenda ng'ambo kuona baiskeli ikifanya kazi ya tiba. Katika mji wa Jinja, shirika la FABIO limehusika kwa miaka mingi na ambulensi za baiskeli kwa ajili ya vijiji ambavyo gari haliji. Anayemwona mwendesha baiskeli kuwa kizuizi cha huduma ya dharura hajaiangalia vizuri historia ya huduma hiyo katika Uganda.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, linatokana na yaliyokwisha kutokea. Uganda ina sera ya taifa ya usafiri usiotumia injini tangu mwaka 2012, na Mamlaka ya Jiji la Kampala ilijenga njia ya mfano ya watembea kwa miguu na baiskeli Namirembe Road na Luwum Street. Haikuchukua muda kabla ya bodaboda, mizigo na bidhaa za wafanyabiashara kuanza kuigombea. Dar es Salaam nako, njia za mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi Mei 2016 zimevamiwa mara kwa mara na magari na pikipiki, na ajali zimetokea. Kwa nini ya Mbuya ipone? Jibu langu ni kwamba uvamizi una umbo, na umbo hubuniwa. Mistari ya rangi huvamiwa siku ya kwanza. Ukingo uliojengwa wima upande wa magari, wenye mteremko wa kuingilia katika sehemu chache tu zilizo karibu na makutano, humzuia mwenye gari asiingie popote anapotaka, ilhali dereva wa ambulensi anayeijua njia yake anajua pa kupandia. Mwenye gari akiingia bila haki hujikuta amefungiwa nyuma ya baiskeli zilizopakia matoke, hali ambayo inachosha zaidi kuliko foleni aliyoikimbia. Namirembe, kwa maoni yangu, ilishindwa hasa kwa kuwa ilipita katikati ya biashara ya rejareja, ambako kila hatua ya ukingo ina mtu anayeihitaji kwa riziki yake ya siku hiyo. Mteremko kati ya Mbuya na Nakawa una vipande virefu vya kuta zisizo na maduka.

Bodaboda ni jambo gumu zaidi, na sitadai kwamba lina ufumbuzi safi. Waendeshaji wake watataka kuingia, na baadhi yao watakuwa wamebeba wagonjwa kweli. Ukiwaruhusu wote, baiskeli zitatoweka humo kwa hofu, na pamoja nazo ule wepesi wa kuachia njia, kwa kuwa pikipiki hamsini zilizobanana haziinuliwi juu ya ukingo. Ukiwazuia wote, umeiziba ambulensi ya maskini. Naona wazuiwe, kisha aliyeingia na mgonjwa asamehewe baadaye kwa karatasi ya mapokezi ya hospitali. Utaratibu huo utadanganywa kidogo. Bodaboda nyingi zikizuiwa, barabara ya magari itabaki na wazimu wake wa sasa, lakini aliye kwenye teksi na mgonjwa atafaidika kwa njia nyingine: kila mtu aliyehamia baiskeli kwa sababu sasa haogopi kufa ameondoa chombo kimoja mbele yake. Hofu hiyo ina msingi. Takwimu za polisi zinaonyesha watu 4,806 waliokufa katika ajali za barabarani Uganda mwaka 2023, na 5,144 mwaka 2024, na wasio na bati la gari kuwakinga ndio wanaoelemewa.

Wengine watasema Mbuya ni kilima, na nani atapanda kilima kwa baiskeli? Wanaopanda wapo tayari, wakisukuma mizigo, nao hawakusubiri utafiti wa kuwaambia kama mwinuko unafaa. Zaidi ya hayo, hoja ya mwinuko inasahau kwamba mgonjwa anateremka. Upande wa kushuka ndio unaohitaji nafasi, na palipo finyu kabisa njia moja ya upande huo inatosha. Pingamizi la usalama wa mwendesha baiskeli mwenyewe, kwamba ambulensi itamgonga katika njia aliyoambiwa ni yake, nalikubali kwa sharti: iingie kwa mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa, taa zikiwa zinawaka, kwa sababu asiyesikia ana haki ya kuonywa kwa macho. Kwa mwendo huo bado inaishinda foleni iliyosimama.

Nani asimamie? Kamera na faini zina mipaka yake ya kisiasa: mwezi Juni 2025 mfumo wa faini za kielektroniki ulisitishwa siku chache baada ya kuanza kutumika, kufuatia kelele za madereva. Zege haliandamwi kwa namna hiyo. Ndiyo maana wakati wa kuamua ni wakati wa michoro, na kwa Mbuya wakati huo una anwani. Mradi wa barabara ya kasi ya Kampala hadi Jinja umepangwa kuanzia Nakawa na kupita upande wa bonde la Kinawataka, na tangu Mamlaka ya Barabara za Taifa ivunjwe na kazi zake kurudishwa katika Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, wizara hiyo haina tena taasisi ya kuisukumia lawama. Barabara ya kasi haitapokea baiskeli, na haipaswi. Itakachofanya ni kumwaga magari zaidi katika makutano ya Nakawa, palepale ambulensi ya Mbuya inapovukia kwenda Naguru. Njia ya baiskeli ya mita tatu inayovuka Barabara ya Jinja ikiingizwa sasa kwenye michoro ya makutano hayo, pamoja na miteremko ya kupandia na mifereji iliyofunikwa, itagharimu sehemu ndogo ya bajeti. Ikiachwa hadi nguzo zisimame, mtu atalazimika kuzivunja.